Kompyuta inawaka, kisha inaleta skrini ya bluu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayofika mezani kwetu hapa Kampala, na mengine kwa simu kutoka Arua, Busia na Mbarara. Majibu yanahusu Windows 10 na Windows 11, maana ndizo zilizo kwenye mashine nyingi tunazoletewa. Kama ndani ya kompyuta yako kuna kazi ya watu, iwe daftari la wanachama wa SACCO au matokeo ya wanafunzi, anza na swali la data lililo huko chini kabla hujagusa kitu.

Skrini ya bluu ni nini hasa? Ni vairasi?

Mara nyingi si vairasi. Windows ina kiini chake, sehemu inayosimamia diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea) na kila kifaa kilichochomekwa. Kiini kikikutana na hitilafu ambayo kikiipuuza data inaweza kuharibika, kinasimamisha kila kitu papo hapo na kutoa tangazo. Ni kama dereva wa teksi anayeegesha gari na abiria wote ndani kwa kuwa breki hazishiki: abiria watalalamika, lakini kuendelea kungekuwa kubaya zaidi.

Uso wa huzuni ulianza na Windows 8 mwaka 2012, na ule mraba wa QR ukaongezwa mwaka 2016. Mwaka 2025 Microsoft waliibadili skrini hiyo kwenye Windows 11: sasa ni nyeusi, haina uso wala mraba. Kwa hiyo mtu akisema "yangu si ya bluu, ni nyeusi", huenda anaeleza tatizo lile lile.

Lakini si kila weusi ni huo. Ukiona maneno meupe machache kama "No bootable device" au "Reboot and select proper boot device", Windows haijaanza kabisa. Mashine imetafuta diski haikuiona, au imeiona lakini haikukuta mfumo ndani yake. Nenda moja kwa moja kwenye swali la diski.

Nifanye nini kwanza kabla ya kumpelekea fundi?

Piga picha ya skrini kwa simu. Ikipita haraka, rekodi video halafu isimamishe pale unapotaka kusoma. Tunachohitaji ni mistari miwili: ule ulioandikwa "Stop code", na kama upo, ule ulioandikwa "What failed". Mtu akituambia tu "imeandika Kiingereza kingi halafu ikazima" hatuna pa kuanzia.

Kisha chomoa kila kisichohitajika: flashi, modemu, waya wa printa, memori kadi, diski ya nje. Flashi iliyosahaulika nyuma ya kompyuta ya mezani imewatoa watu wengi jasho bure. Kwa laptop, chomoa na chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika, kisha rudisha na uwashe.

Halafu jiulize nini kilibadilika. Umeongeza RAM? Umeweka draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya printa mpya? Kuna kijana alikuwekea antivairasi ya pili juu ya ile iliyokuwepo? Yaka, umeme wa kulipia kabla, iliisha katikati ya apdeti? Nusu ya kazi ya fundi ni kupata jibu la swali hili, na mwenye jibu ni wewe.

Nimesoma jina la kosa lakini sielewi kitu.

Majina ni mengi, ila yanayotokea wakati wa kuwaka yanaingia kwenye koo chache tu.

Ukoo wa diski: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, ambayo namba yake ni 0x7B, UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME ambayo ni 0xED, na NTFS_FILE_SYSTEM ambayo ni 0x24. Hapa Windows imeanza kuamka lakini haiwezi kuisoma diski yake yenyewe. Diski inaweza kuwa inakufa, waya umelegea, au mpangilio wa BIOS (programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, inayoamsha mashine kabla ya Windows) umebadilika. Hilo la BIOS lina swali lake hapa chini kwa sababu ndilo linalowapata sana wenye kompyuta za mtumba.

Ukoo wa RAM na draiva: MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Haya yanachanganya, kwa kuwa RAM mbovu na draiva mbovu huacha alama zinazofanana. Kipimo chetu ni hiki: kosa likiwa lile lile kila siku, na faili linalotajwa ni lile lile, tunashuku draiva. Leo likiwa hili, kesho lile, keshokutwa jingine kabisa, tunafungua mashine na kuitazama RAM.

CRITICAL_PROCESS_DIED maana yake programu ambayo Windows haiwezi kuishi bila hiyo imekufa, mara nyingi kwa sababu mafaili ya mfumo yameharibika. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, 0x124, ni malalamiko ya kifaa chenyewe: joto, umeme usiotulia, prosesa, wakati mwingine SSD, yaani diski isiyozunguka. Na 0xc000000f inahusu orodha ndogo inayoiambia mashine Windows iko wapi. Hiyo mara nyingi hurekebishika bila kupoteza chochote.

Kuhusu jina la faili: likimalizika kwa .sys, ni draiva. Kwa mfano nvlddmkm.sys ni ya kadi ya picha ya Nvidia, na wachoraji wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, wanaijua. Lakini ukiona ntoskrnl.exe usikimbilie kulilaumu. Hicho ndicho kiini chenyewe, na kutajwa kwake mara nyingi ni kwa sababu ndicho kilichokuwa pale ajali ilipotokea.

Kompyuta ya mezani ya mtumba ilikuwa nzima. Tulikaa siku kadhaa bila umeme, uliporudi ikaleta INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski imeungua?

Huenda haijaungua hata kidogo. Fungua kava la pembeni uangalie ubao mkuu: kuna betri ya duara, bapa, ukubwa wa sarafu, imeandikwa CR2032. Hiyo ya volti 3 ndiyo inayolinda saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine imechomolewa. Kwenye kompyuta iliyokwisha kutumika miaka mingi ofisini ughaibuni kabla ya kufika kwetu, betri hiyo mara nyingi imekwisha. Mradi waya uko kwenye soketi na umeme upo, hutajua. Siku umeme ukikosekana kwa muda, BIOS inasahau kila kitu na kurudia mipangilio ya kiwandani.

Miongoni mwa inavyovisahau ni namna ya kuzungumza na diski. Kuna namna inayoitwa AHCI na nyingine inayoitwa RAID. Aliyeweka Windows aliiweka kwenye namna moja. BIOS iliporudi kiwandani ikachagua nyingine. Diski nzima, Windows nzima, lakini haviwasiliani.

Ingia BIOS. Kwa Dell bonyeza F2 mara tu unapowasha, HP ni F10, Lenovo ni F1 au F2 kutegemea aina. Kwanza tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, umeshampata mhalifu. Kisha tafuta sehemu ya SATA, soma ilivyo sasa uiandike kwenye karatasi, igeuze kwenda ile nyingine, hifadhi, toka. Ikishindikana, irudishe ilivyokuwa. Usiguse kingine humo. Ukifanikiwa, badilisha betri. Hata wauza saa wa barabarani wanazo. Usipoibadilisha, umeme ukikatika tena utarudi kwenye ukurasa huu.

Fundi, nimebonyeza F8 mpaka kidole kinauma, hali salama (safe mode) haiji.

Haitakuja. Tangu Windows 8, njia ya F8 imefungwa, ingawa mafundi wengi wa zamani bado wanaielekeza. Njia ya sasa ni hii: washa, na nembo ya Windows ikitokea tu, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Rudia mara mbili au tatu. Windows ikiona imeshindwa kuamka mfululizo, inafungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Hapo chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", kisha "Restart". Ikirudi itakupa orodha yenye namba: 4 ni hali salama, 5 ni hali salama yenye intaneti.

Kwenye orodha hiyo hiyo, namba 9 inaizuia mashine kujiwasha upya kosa linapotokea. Hiyo ndiyo dawa kwa mwenye skrini inayopita kabla hajaisoma.

Kama ukurasa wa ukarabati haupatikani kabisa, inawezekana Windows yako ni zile za kuchakachuliwa, zilizopunguzwa ili zitoshee kwenye flashi ya mtu, na sehemu ya ukarabati ikatupwa. Zimejaa mitaani. Hapo utahitaji flashi halali: kwenye kompyuta nyingine, pakua kutoka tovuti ya Microsoft programu yao ya kutengenezea flashi ya Windows, uwe na flashi ya GB 8 au zaidi. Ni upakuaji wa GB kadhaa, na vifurushi vyetu vya intaneti vina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, basi tafuta Wi-Fi ya ofisi au ya rafiki mwenye moyo. Ukiwasha kwa flashi hiyo, chagua kurekebisha kompyuta, usichague kusakinisha.

Nimeingia hali salama na inafanya kazi vizuri. Je, imepona?

Haijapona, ila umepata habari njema. Hali salama hutumia draiva chache za lazima tu. Kama humo inatulia, basi vifaa vikuu pengine ni vizima na tatizo ni kitu kinachopakiwa katika hali ya kawaida. Ondoa ulichoweka mwisho: programu, draiva, au antivairasi ya pili. Antivairasi mbili kwenye mashine moja hazilindi mara mbili, zinagombana. Kama ni apdeti, rudi kwenye "Advanced options" kuna "Uninstall Updates". Ondoa ile ya karibuni. Draiva ya kadi ya picha au ya Wi-Fi, iondoe kupitia Device Manager halafu upate iliyo sahihi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptop. Achana na zile programu za "kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja". Tunazichukia kwa sababu.

Inaandika "Preparing Automatic Repair", inazunguka, kisha inarudi pale pale.

Ukarabati wa kujiendesha unajua mambo machache. Ukishindwa mara mbili, acha kuurudia. Ingia "Command Prompt" kutoka kwenye ukurasa ule ule wa ukarabati.

Jambo la kwanza, na wengi hukwama hapa: humo ndani herufi za diski zinaweza kubadilika. C yako inaweza kuitwa D. Andika `dir C:\`, ukose folda ya Windows, jaribu `dir D:\`, mpaka uione. Tuseme umeikuta D. Basi andika:

`sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows`

Hiyo inakagua mafaili ya mfumo na kurudisha yaliyoharibika. Acha imalize, inaweza kuchukua muda wa kupika ndizi na kuzila. Kama kosa lako lilikuwa 0xc000000f au linalotaja "Boot Configuration Data", andika `bcdboot D:\Windows`, inajenga upya orodha ya kuwashia. Video nyingi za mtandaoni zinaelekeza `bootrec /fixboot`. Kwenye mashine za kisasa inajibu "Access is denied". Usihangaike nayo.

Sasa `chkdsk`. Kila mtu anaijua, kila mtu anaikimbilia. Inafaa pale diski ni nzima na umeme ulikatika vibaya. Lakini diski inayokufa ukiiamuru `chkdsk D: /r`, inasomeshwa kila kona yake kwa saa nyingi, na hiyo kazi inaweza kuimalizia kabisa. Toa data kwanza.

Basi nitoeje data na Windows haiwaki?

Kuna njia isiyohitaji programu yoyote, na ni ajabu ni wachache wanaoijua. Chomeka flashi au diski ya nje, ingia "Command Prompt" ile ile, andika `notepad` ubonyeze Enter. Notepad inafunguka. Bonyeza File, kisha Open. Chini kulia pameandikwa "Text Documents". Pabadilishe iwe "All Files". Sasa dirisha hilo dogo limekuwa mlango wa diski nzima: ingia "This PC", ingia diski yako, kisha Users, kisha jina lako, kisha Desktop au Documents. Bonyeza kulia juu ya folda, chagua Copy, nenda kwenye flashi, bonyeza kulia, Paste. Haionyeshi mstari wa maendeleo, dirisha linaweza kuganda kana kwamba limekufa. Liache. Taa ya flashi ikiwaka na kuzima, kazi inaendelea.

Anza na visivyo na nakala kwingine. Picha za harusi ziko kwenye simu za shangazi zote. Vitabu vya hesabu vya duka haviko popote. Na programu nyingi za uhasibu hazihifadhi data kwenye Documents bali kwenye folda yake huko huko kwenye diski kuu, basi ichungulie na hiyo.

Njia ya pili ni kuwasha kwa flashi yenye Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ukichagua kuijaribu bila kuisakinisha. Mafaili yako utayaona na kuyanakili. Njia ya tatu ni kutoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa adapta ya USB. Fundi yeyote wa maana anayo mezani.

Inaniomba namba ndefu ya BitLocker. Sijawahi kuweka kitu kama hicho.

BitLocker ni kufuli la Windows la kusimba diski, na huenda ilijiwekea yenyewe. Laptop nyingi za kisasa husimba diski mara mwenye nayo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo una tarakimu 48 na umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa barua pepe uliyotumia ulipoanza kuitumia laptop, linganisha utambulisho unaoonekana kwenye skrini na ulio kwenye orodha, kisha uandike tarakimu. Kama laptop ni ya ofisi, muulize mtu wa kompyuta wa ofisi. Kama ni mtumba na anayeujua ni mwenye mali wa kwanza, mafaili hayo yamekwenda. Fundi anayekuambia ataivunja BitLocker atafuta diski na kukuwekea Windows tupu, na utamlipa.

Hii pia ni sababu ya kutochezea BIOS ovyo: kubadili mipangilio fulani humo kunaweza kuiamsha BitLocker iombe ufunguo. Uwe nao kwanza.

Nitajuaje kama ni RAM?

Kompyuta ya mezani iliyobebwa kwa boda kutoka mjini hadi Kyengera, mapajani, kwenye mashimo yote yale, ikifika inaleta MEMORY_MANAGEMENT: tunafungua RAM kabla ya kuuliza lingine.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kava ili umeme wa mwilini mwako uondoke. Sukuma vishikizo viwili vya pembeni, kipande cha RAM kinaruka juu chenyewe. Kishike kwa kingo. Utaona safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Yakiwa na ukungu mweusi au vumbi jekundu la murramu, chukua raba safi ya penseli, uyasugue polepole upande mmoja na wa pili, kisha pangusa mabaki yote ya raba kwa kitambaa kikavu. Angalia nafasi ya kuchomekea kama ina vumbi, ipulizie kwa kipulizo. Usitumie mdomo, mate hayaonekani lakini yapo. Rudisha kipande mpaka usikie "tak" mbili, moja kila upande. Vishikizo visiposimama vyenyewe, hakijaingia.

Ukiwa na vipande viwili, washa kwa kimoja, kisha kwa kingine. Mwenye kosa anajitaja. Kwa uhakika zaidi, MemTest86 kwenye flashi, uiache usiku kucha kama umeme una dhamana. Kosa hata moja linatosha kukikataa kipande.

Na diski?

Diski ya zamani, ile inayozunguka, hutoa taarifa kwa sauti. Ukisikia tik, kimya, tik, kimya, zima sasa hivi. Kila dakika ya kuwaka inapunguza kinachoweza kuokolewa. Dalili nyingine ni asilimia ya kwenye skrini ya bluu kukwama kwenye 0 kwa muda mrefu: Windows inajaribu kuandika kumbukumbu ya ajali kwenye diski na diski haipokei.

SSD haina sauti. Leo ipo, kesho BIOS haiioni. Kabla ya kuizika, chomoa na kuchomeka upya, na kama inatumia waya wa SATA, badilisha waya. Mashine ikiwaka japo mara moja, CrystalDiskInfo, programu ya bure, itakuonyesha afya ya diski kwa rangi. Ikisema "Caution" au "Bad", nunua nyingine wiki hiyo hiyo.

Umeme wa kwetu ndio unaoua kompyuta?

Unachangia. Kukatika ghafla wakati diski inaandika ndiko kunakoharibu mafaili ya mfumo, na umeme unaporudi kwa kishindo ndipo pawasapulai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) za bei rahisi zinapochoka. Laptop ina ahueni kwa sababu ya betri, ilimradi betri inashika. Laptop yenye betri iliyokufa ni kompyuta ya mezani nyembamba. Chaja nyingi za laptop zinakubali volti 100 hadi 240, soma kibandiko. Kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani ni habari nyingine: baadhi zina swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Kwetu ni 240. Ukichomeka ikiwa kwenye 115, hutapata skrini ya bluu, utapata moshi.

UPS ndogo, kisanduku chenye betri ya akiba, inatosha kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima. Radi ikianza kunguruma, chomoa waya ukutani, na waya wa mtandao pia. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na UPS haishindani na radi.

Fundi anasema tupige Windows upya. Nikubali?

Muulize kwanza: kosa ni lipi? Akikujibu kwa jina au namba, na akakueleza alichojaribu, msikilize. Akisema tu "Windows imeharibika", chukua mashine yako. Kupiga Windows ni kazi ya kulala: unabonyeza, unakunywa chai, unalipwa. Lakini haiponyi RAM mbovu, haiponyi diski inayokufa, haiponyi betri ya BIOS. Inaficha tatizo kwa wiki mbili tatu, na mafaili yako yamekwenda. Mashine nyingi tunazoletewa zimeshapigwa Windows kwingine, tena zaidi ya mara moja, na bado zinaleta kosa lile lile.

Kuna wakati inafaa: vairasi imeenea, au mfumo umeharibika kupita kiasi na data imeshatolewa. Hata hapo jaribu kwanza "Reset this PC" na "Keep my files". Mafaili yaliyo kwenye folda zako yanabaki, programu zinaondoka. Na kama mashine ina taarifa za wateja, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Aliyekukabidhi taarifa zake anakudai wewe, hamdai fundi. Diski itolewe mbele yako, au ukae pale kazi ikifanyika.

Ile ya Julai 2024 iliyozima viwanja vya ndege inaweza kunipata?

Kwa mashine ya nyumbani, ni vigumu. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilituma faili lenye kasoro kwa programu yake ya Falcon, na Microsoft walikadiria mashine milioni 8.5 ziliingia skrini ya bluu. Falcon ni ya makampuni, si ya mashine za nyumbani. Kinachofaa kukumbukwa ni namna walivyoponya: hali salama, ingia folda ya draiva, futa faili moja, washa upya. Njia hiyo haikuhitaji kupiga Windows.

Windows 10 imefika mwisho. Ndiyo inayoleta kosa?

Hapana. Msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake marekebisho ya usalama ya bure yamekoma kwa wengi. Mashine haijaambiwa ijiue. Kama yako ilianza kusumbua wiki hiyo, ni bahati mbaya tu, rudi kwenye namba ya kosa.

Nikizima na kuwasha, kosa linarudi; niki-restart, linapotea. Inakuwaje?

Ni "Fast Startup". Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 na 11 si kuzima kabisa; hali ya kiini inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi, pamoja na ugonjwa wake. Restart inaanza upya kweli. Shikilia Shift unapobofya Shut down, au uizime Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme.

Mimi natumia Mac.

Inaitwa kernel panic, na mwendo ni ule ule: chomoa vya nje, piga picha, toa data. Kwa Mac yenye chipu ya Apple, zima kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka maneno ya machaguo yatokee. Chagua diski, shikilia Shift, uendelee kwa hali salama. RAM ya mashine hizo haichomoki, kwa hiyo raba ya penseli iache kwenye droo.